Bessel, karani aliyepima nyota: maisha ya mutu aliyejua kitu bila kukiona



Mara nyingi siku hizi watoto wetu wanarudi ku nyumba na maneno mapya. Wanasema kule juu, katikati ya kundi kubwa la nyota zetu, kuko shimo jeusi, zito kupita jua mara milioni 4, tena hakuna mutu anayeweza kuliona. Baba anacheka, anauliza: kama hakuna anayeliona, walilijua namna gani? Swali hilo ni zuri sana. Mutu wa kazi ya shimo hakubali neno la bure. Akiambiwa kuko shaba chini, anataka kujua walipima namna gani, na nani alipima.

Basi leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja aliyekufa zamani, mwaka 1846, mbele hata ya watu kuanza kusema juu ya lile shimo jeusi la katikati. Lakini yeye njo aliyefungua njia. Alionyesha kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kujulikana, kama mutu anapima vizuri mwendo wa kile kinachoonekana. Jina lake ni Friedrich Wilhelm Bessel.

Kijana wa dukani

Bessel alizaliwa tarehe 22 ya mwezi wa 7, mwaka 1784, mu mji wa Minden, inchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa karani wa serikali, mushahara wake mudogo, na watoto mu nyumba walikuwa 9. Ku masomo kijana hakupendeza walimu. Kilatini kilimuchosha. Kitu kimoja tu alikipenda, ni hesabu. Alipofika miaka 14 akaacha masomo, na hakurudi tena.

Mwaka 1799 wakamutuma ku Bremen, mji wa bandari, kwa nyumba moja kubwa ya biashara, juu ya kujifunza kazi. Mapatano yalikuwa magumu: miaka 7 ya kazi bila mushahara. Kutwa nzima alikuwa ku meza, anaandika mali inayoingia na mali inayotoka. Usiku, wenzake wakilala ao wakienda kunywa, yeye aliwasha taa na kufungua kitabu.

Tusifikiri kwamba alianza na kutamani nyota. Hapana. Alitamani kusafiri na mashua kubwa za biashara, akiwa mulinzi wa mali. Juu ya ile akasoma Kingereza na Kispanyoli. Kisha akajiuliza: mashua ikiwa katikati ya bahari, hakuna mulima, hakuna njia, inajua namna gani fasi iliko? Jibu lilikuwa ku nyota. Akaanza kusoma namna mabaharia wanapima nyota, lakini vitabu vyao vilimupa njia tu, havikumupa sababu. Bessel alitaka sababu. Akatengenezesha kipimo chake mwenyewe, akapima nacho fasi mji wa Bremen unakaa juu ya dunia. Hesabu ikatoka vizuri. Tangu siku ile biashara ikaanza kupoteza mutu wake.

Mwaka 1804, akiwa na miaka 20, alikamata vipimo vya zamani vya nyota yenye mukia inayoitwa Halley, vilivyoandikwa na Mwingereza mumoja mwaka 1607, akatafuta kwa hesabu njia ambayo nyota ile ilipita. Mu Bremen kulikuwa munganga mumoja, Olbers, aliyejulikana Ulaya nzima juu ya kazi yake ya nyota. Bessel alimusimamisha mu barabara, akamupa kartasi zake. Munganga akaenda kusoma, akashangaa: karani wa dukani amefanya kazi ya mwalimu mukubwa. Akaitoa ichapwe mu jarida la wenye elimu. Mu uzee wake Olbers alikuwa akisema kwamba faida kubwa aliyoletea elimu ya nyota ilikuwa kumutambua kijana yule.

Mwaka 1806 ile miaka 7 ilikuwa inakwisha, na nyumba ya biashara ilitaka kumubakisha kwa mushahara muzuri. Bessel akakataa. Akaenda ku kijiji cha Lilienthal, karibu na Bremen, kuwa musaidizi wa kupima nyota, na franga kidogo sana.

Mwalimu bila diploma

Miaka haikupita mingi, mufalme wa Prussia akamuita ku mji wa Königsberg, kando ya bahari ya Baltiki, ajenge nyumba mupya ya kuangalia nyota. Bessel alikuwa na miaka 25. Alipofika mwaka 1810, walimu wengine wa universite wakanungunika: mutu huyu hajapita mu universite hata siku moja, hana diploma, namna gani awe mwalimu pamoja nasi? Gauss, bingwa mukubwa wa hesabu wa wakati ule, akasimama kwa ajili yake, na universite ya Göttingen ikamupa diploma ya heshima. Manunguniko yakaisha.

Mwaka 1812 akaoa Johanna Hagen, binti wa mwalimu wa mji ule. Mwaka uleule jeshi la Napoleon lilipita Königsberg likienda kupigana Urusi, na kisha likarudi kupitia palepale, limevunjika na baridi na njaa. Pamoja na ile yote, wajenzi hawakuacha kazi. Mwaka 1813 nyumba ya nyota ikaisha, na Bessel alifanya kazi mule mpaka kufa.

Kazi yake ilikuwa nini? Kupima fasi ya kila nyota mbinguni, moja kwa moja. Alikamata kwanza vipimo vya Mwingereza Bradley aliyekufa zamani, nyota 3.222, akasafisha kila kosa: kosa la hewa inayopinda nuru, kosa la chombo, kosa la saa. Mwaka 1818 akatoa kitabu cha ile kazi. Kisha akaanza vipimo vyake mwenyewe, usiku kwa usiku, karibu mara 75.000 mu miaka 12. Kwa mutu asiyejua, ni kazi ya kuchosha bure. Lakini Bessel alijua hivi: nyota zinatembea, pole pole sana, na ukitaka kujua mwendo, lazima ujue vizuri kitu kilikuwa wapi jana.

Mufanyakazi aliyefukuzwa

Pale pale mu vitabu vya zamani Bessel alikuta habari moja ambayo sisi, watu wa kazi, tunapaswa kuijua.

Ku Greenwich, Uingereza, kulikuwa mukubwa wa nyumba ya nyota, Bwana Maskelyne, na musaidizi wake, Kinnebrook. Wakati ule kupima ilikuwa hivi: mutu anaweka jicho ku darubini, anaona nyota inakaribia uzi mwembamba, na sikio lake linasikiliza saa inavyopiga, tik, tik. Anasema nyota ilikata uzi mu segonde gani, na sehemu gani ya segonde. Maskelyne aliona kwamba vipimo vya musaidizi vinachelewa kupita vyake. Akamuonya. Kinnebrook akajikaza, lakini tofauti ikazidi, mpaka ikafika sehemu 8 juu ya 10 za segonde moja. Mwaka 1796 akafukuzwa kazi, ikaandikwa mu kitabu kwamba alipima vibaya.

Miaka 20 hivi ikapita mbele ya Bessel kusoma ile habari. Watu wengine walisoma na kupita. Yeye akasimama. Kinnebrook alikuwa ameonywa, na alitaka kulinda kazi yake. Kama kosa lilikuwa la uvivu, angelirekebisha. Juu ya nini hakuweza? Bessel akaanza kujipima mwenyewe pamoja na wapimaji wengine, hodari kabisa, nyota moja, saa moja. Na tazama: hakukuwa wawili wanaopatana! Kati yake na mwanafunzi wake Argelander, aliyekuwa bingwa kweli, tofauti ilipita segonde moja nzima.

Basi ukweli ukajulikana. Kati ya jicho kuona na sikio kusikia, kila mutu ana kukawia kwake, kama vile kila mutu ana sauti yake. Hakuna hata mumoja anayepima bila kosa, mukubwa ama mudogo. Maskelyne alifikiri yeye njo kipimo, musaidizi njo kosa, lakini wote wawili walikuwa na kosa. Dawa yake ni kupima kukawia kwa kila mutu na kukuhesabu, si kufukuza mutu. Tangu Bessel, wapimaji wa nyota wakaanza kufanya vile. Kwa Kinnebrook mambo yalikuwa yamekwisha. Sisi tunaona heri jina lake likumbukwe pamoja na la wakubwa.

Chombo cha yatima

Kupima kunataka chombo. Chombo kizuri kupita vyote vya Bessel kilitoka mu mikono ya Fraunhofer, mutu wa Bavaria, na habari yake pia tutaisema kidogo.

Fraunhofer alikuwa yatima, akiwekwa kazi ya kutengeneza vioo angali mutoto. Mwaka 1801, akiwa na miaka 14, nyumba ya bwana wake mu Munich ilianguka ikamufunika. Watu wakachimba, wakamutoa muzima chini ya mawe. Mutawala wa inchi alikuwa palepale, akamuhurumia na kumupa franga. Kijana akanunua vitabu na vyombo. Mu Ulaya hakukuwa mutengenezaji wa vioo vya darubini kumupita. Akafa mwaka 1826 na ugonjwa wa kifua, ana miaka 39 tu. Kile chombo alichofanya juu ya Bessel kilifika Königsberg mwaka 1829, mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa.

Kinaitwa heliometa. Kioo chake cha mbele kimekatwa mu vipande viwili, na kila kipande kinaonyesha picha yake. Unasukuma kipande kimoja kwa parafujo mpaka picha ya nyota moja inakaa juu ya picha ya nyota ingine. Kisha unasoma umezungusha parafujo mara ngapi. Ni basi: umepima nafasi kati ya nyota mbili.

Tangu zamani watu walitafuta kujua nyota ziko mbali namna gani. Njia ilijulikana. Dunia inazunguka jua: mwezi wa kwanza tuko upande huu, mwezi wa 7 tuko upande ule. Funga jicho moja uangalie kidole chako, kisha funga lingine: kidole kinaruka. Vivyo hivyo nyota ya karibu inapaswa kusogea kidogo mbele ya nyota za mbali, na ukijua imesogea namna gani, hesabu inakupa urefu. Watu wa topografi mu shimo wanafanya hivyo kila siku. Shida moja tu: kule kusogea ni kudogo sana, na mabingwa wa miaka zaidi ya 200 walishindwa.

Bessel alichagua nyota 61 ya kundi la Cygnus. Si yenye kuangaza, lakini inatembea mbio kupita zingine, naye akawaza kwamba inayoonekana kukimbia lazima iko karibu. Tangu mwezi wa 8 wa mwaka 1837 akaipima zaidi ya mwaka muzima, kila usiku anarudilia mara nyingi. Mwisho wa 1838 akatangaza: nyota inasogea 0,314 ya segonde ya pembe.

Hiyo ni kiasi gani? Kamata kisanduku cha alumeti, kiweke Kipushi, wewe simama Lubumbashi ukiangalie. Namna kile kisanduku kinaonekana kidogo, karibu ni ile pembe Bessel alipima. Na hesabu ikasema: nuru, inayokimbia kilometa 300.000 kwa segonde moja, inatumia miaka 10 na zaidi kutoka kule mpaka kwetu. Vipimo vya leo vinasema miaka 11 na kidogo. Hakukosea mbali.

Tuseme pia haki ya wengine. Henderson alikuwa amepima nyota ya Alfa Centauri kutoka huku kwetu Afrika, ku Cap ya Afrika ya Kusini, lakini alikawia kutoa hesabu yake. Na Struve kule Urusi alipima nyota Vega wakati uleule. Lakini wenye elimu waliamini kwanza kipimo cha Bessel, juu ya uangalifu wake.

Rafiki asiyeonekana wa Sirius

Sasa tunafika ku jambo lenyewe. Wakati wa mvua, tangu mwezi wa kwanza, jua likiingia na mawingu yakifunguka, mutaona nyota moja yenye kuangaza kupita zote. Hiyo njo Sirius. Bessel aliifuata miaka mingi, akaunganisha vipimo vyake na vya watu wa mbele yake. Kama iko peke yake, inapaswa kwenda sawa, kama kamba iliyonyoshwa. Haikwenda sawa. Ilikuwa inayumba, huku kidogo, kule kidogo. Procyon, nyota ingine, vilevile.

Wengine wangesema ni kosa la chombo. Lakini Bessel alikuwa mutu aliyekwisha kupima makosa yote: la hewa, la parafujo, la saa, hata la mwili wake. Alipobakiza kuyumba kule, alijua si kosa. Mwaka 1844 akaandika kwamba Sirius inavutwa na mwenzake asiyeonekana, muzito sana, na kwamba kuangaza si sharti la kuwa nyota. Zinazoonekana ziko nyingi. Hakuna anayeweza kukataa kwamba ziko pia zisizoonekana.

Miaka ile ilikuwa ya machozi nyumbani kwake. Mutoto wake mumoja mwanaume alikwisha kufa akiwa angali mudogo sana, na mwaka 1840 yule mwingine, kijana wa miaka 26 aliyesomea ujenzi, akafa. Bessel mwenyewe akashikwa na ugonjwa wa tumbo, maumivu ya muda murefu. Akaendelea na kazi kadiri ya nguvu. Akafa Königsberg tarehe 17 ya mwezi wa 3, mwaka 1846, ana miaka 61. Mwenzake wa Sirius hakumuona.

Miaka 16 kisha, usiku wa tarehe 31 ya mwezi wa kwanza, mwaka 1862, kule Marekani, mutengenezaji wa darubini Alvan Graham Clark alikuwa anajaribu kioo kipya, akaelekeza ku Sirius. Kando yake akaona kinukta kidogo cha nuru. Ni yeye! Leo tunajua kwamba ni nyota iliyokwisha kuungua, ukubwa wake kama dunia yetu, uzito wake kama jua. Na mwenzake wa Procyon akaonekana mwaka 1896.

Mpaka ku shimo jeusi

Turudi sasa ku swali la baba. Walijua namna gani?

Miezi ya 7 na ya 8, wakati wa baridi, mbingu ya Katanga ikiwa safi, muangalie juu saa tatu ya usiku. Ile njia nyeupe ya nyota inapita juu ya vichwa vyetu, na sehemu yake yenye unene, kidogo upande wa kusini, njo katikati ya kundi letu. Nuru ya kule inatumia miaka 26.000 na zaidi kutufikia. Katikati kuko vumbi nyingi, jicho halipiti. Lakini nuru ya joto, ile isiyoonekana na jicho, inapita vumbi. Tangu miaka ya 1990 makundi mawili ya wapimaji, moja la Reinhard Genzel na darubini za Chile, lingine la Andrea Ghez na darubini za Hawaii, walipima nyota za pale kati usiku kwa usiku. Hewa inachezesha picha, basi wakapima pia kosa la hewa na kuliondoa kwa kioo kinachojipinda. Bessel angefurahi.

Nyota moja, iliyopewa jina S2, ilimaliza muzunguko muzima mu miaka 16. Mwaka 2018 ilipita karibu kabisa na katikati, ikikimbia zaidi ya kilometa 7.000 kwa segonde moja. Na tazama ajabu: njia yake yote, kutoka huku kwetu, inaonekana ndogo kupita ile pembe ya kisanduku cha alumeti. Kitu gani kinaizungusha vile? Hesabu ni ileile ya Sirius: ukijua ukubwa wa njia na miaka ya muzunguko, unajua uzito wa kinachovuta. Uzito ukatoka mara milioni 4 ya jua, mu fasi ndogo sana, bila nuru ya nyota. Mwaka 2020 Genzel na Ghez wakapewa zawadi ya Nobel.

Mji wa Königsberg leo ni Kaliningrad wa Urusi, na nyumba ya nyota ya Bessel iliharibiwa na mabomu ya vita mwaka 1944. Vipimo vyake havikuharibika. Sisi tunaochimba tunajua kwamba mutu wa topografi akikosea kidogo ku mulango, galeri mbili hazitakutana chini. Bessel hakuchimba hata siku moja, lakini alikuwa na moyo ule: pima, rudilia, tafuta kosa lako mbele ya kutafuta la mwenzako. Basi mutoto akiuliza tena, baba, usicheke. Mutoke inje pamoja, mumuonyeshe Sirius, na mumuambie habari ya karani wa Bremen.